Mwaka mzima wa "mbona": kisa cha mwanafunzi wa uzamili wa sanaa

Mwanzoni mwa muhula wa tatu mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili ya sanaa aliniletea barua ya kuomba kuahirisha masomo. Ilikuwa na mistari minne tu, na sababu aliyoitoa ni hii: "Sina kazi ya kuonyesha." Jioni ile nikaenda studio kwake. Mlango ulifunguka nusu, maana nyuma yake kulikuwa na turubai tatu kubwa zimegeuziwa ukutani. Shuka nyeupe zilining'inia kutoka darini. Kwenye kompyuta kulikuwa na filamu ya uhuishaji ya sekunde 40. Mezani palikuwa na rundo la kurasa za tasnifu. Na chini ya meza, ndani ya mrija mrefu wa kadibodi, ilikuwamo ile michoro tisa ya mkaa iliyotufanya tumpokee.

Chumba kilijaa kazi. Ila katika zote hizo hakuwa na hata moja ambayo angeweza kusimama mbele yake na kueleza kwa nini iko vile ilivyo.

Naandika kisa hiki kwa idhini yake, bila kumtaja yeye wala chuo. Nilikuwa msimamizi wake wa kwanza, kwa hiyo sehemu ya lawama ni yangu, na nitaisema mahali pake. Nakiandika kwa sababu nimekwisha kuona mambo ya namna hii zaidi ya mara moja: mtu anaingia uzamili akiwa na jicho lake, anatoka akiwa na macho ya kamati nzima.

Alichokuja nacho

Michoro ile tisa ilikuwa ya vitanda visivyo na mtu. Hakuvichora kwa mistari. Aliipaka karatasi nzima mkaa hadi ikawa nyeusi, kisha akachukua kifutio laini, kile kinachokandwa vidoleni kama nta, akaanza kuutoa mwanga gizani: ukingo wa godoro, mkunjo wa shuka, kibonyeo kilichoachwa na kichwa kwenye mto. Kila palipong'aa palikuwa pamefutwa. Mkaa wa vijiti hauna gundi ndani yake. Unakaa juu ya karatasi kama vumbi, ndiyo maana unaondoka kirahisi. Mkaa wa kushindiliwa una gundi na huacha doa. Yeye alitumia ule wa vijiti, na aliujua kama seremala anavyoijua randa yake.

Tulimpokea kwa kauli moja. Wiki ya sita akaingia kikao chake cha kwanza cha uhakiki, yaani kile kikao ambacho mwanafunzi anatundika kazi na walimu pamoja na wenzake wanaijadili yeye akiwepo. Mambo yalianza kwenda mrama siku hiyo, na neno la kwanza nililisema mimi. Niliuliza, "Mbona zote ni nyeusi na nyeupe?" Nilitaka kujua kwa dhati. Alinyamaza, akaandika kitu kwenye daftari, nasi tukasonga mbele.

Mwezi uliofuata alikuwa anapaka rangi za mafuta.

Rangi za mafuta hazikumfaa, na sababu haikuwa kipaji. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kupoteza maji. Yanakauka kwa kuungana na oksijeni ya hewani, na tabaka nene linaweza kubaki laini kwa wiki nyingi. Mwanafunzi huyu alikuwa anafikiri kwa kufuta. Kila alipofuta, rangi ya chini ilipanda ikachanganyika na ya juu, na mwanga alioutafuta ukageuka tope. Turubai ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote hivyo hivyo. Hakuna kati yetu aliyemuuliza kilichomhamisha kutoka kwenye mkaa. Nadhani tulifurahi kuona "anajaribu".

Kikao cha pili mwenzetu mmoja akamwambia, "Mtazame William Kentridge." Ulikuwa ushauri mzuri. Msanii huyo wa Afrika Kusini amekuwa akitengeneza filamu tangu mwaka 1989 kwa kuchora na mkaa kwenye karatasi, kufuta kidogo, kuchora tena, na kupiga picha kila badiliko, hata filamu inapopita unaona vivuli vya vilivyofutwa. Yeyote anayefanya kazi kwa kufuta mkaa anapaswa kumjua. Lakini mwanafunzi hakusikia "mjue". Alisikia "fanya kama yeye". Akatumia miezi miwili kupiga picha 480 za mto unaobonyea na kuinuka, picha 12 kwa kila sekunde, akapata sekunde 40 safi ambazo kila aliyeziona alimtaja Kentridge kabla hajataja kitanda.

Kikao cha tatu kikazaa zile shuka za darini. Kuhusu shuka sina mengi ya kusema.

Wakati huohuo msimamizi wa pili, ambaye ni mwanahistoria wa sanaa, alikuwa amemuuliza mbona rasimu yake haina nadharia. Ndiyo maana ya rundo la mezani: kurasa nyingi kuhusu kumbukumbu, nafasi na kutokuwepo, zimeandikwa kwa bidii na kwa Kiswahili kizuri. Nilizisoma zote usiku ule. Neno "kifutio" halikuwamo hata mara moja.

Madaftari mawili

Sikuijibu barua. Nilimwomba daftari lake la vikao, nikaliweka kando ya langu, nikaanza kulinganisha tarehe kwa tarehe.

Langu, kikao cha kwanza: "Nimeuliza kuhusu weusi na weupe. Hakujibu."
Lake, siku hiyohiyo: "Weka rangi."

Langu, kikao cha tatu: "Swali: mtazamaji anasimama wapi?"
Lake: "Toka ukutani."

La msimamizi wa pili, kwenye fomu ya idara: "Mwanafunzi afafanue mkabala wake."
Lake: "Ongeza nadharia. Nyingi."

Nilikaa na kurasa hizo muda mrefu. Sisi tulikuwa tumeuliza, yeye alikuwa amepokea amri. Na nilipozidi kutazama nikaona hakukosea kusikia, maana lugha yenyewe ilikuwa upande wake. "Kwa nini" linaweza kuwa swali tupu, la mtu anayetafuta sababu. "Mbona" huja na lawama yake tayari. Mama akimwambia mtoto "mbona hujafagia?" hangoji maelezo, anangoja ufagio ushikwe. Nami, mtu mzima, mwalimu wake, mbele ya darasa zima, nilikuwa nimesema "mbona". Jibu la adabu kwa neno hilo ni kurekebisha, na mwanafunzi huyu ana adabu. Akarekebisha. Akaendelea kurekebisha mwaka mzima.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Nilikuwa nauliza kwa neno ambalo halikumwachia nafasi ya kujibu, kisha nikauandika ukimya wake kama upungufu.

Kulikuwa na sababu nyingine, na nisingekitendea haki kisa hiki kama ningeziacha. Ya kwanza ni jinsi shahada ya kwanza inavyomlea msanii. Kule mwalimu anatoa zoezi, mwanafunzi analitimiza, anapata alama. Uzamili hauna mazoezi. Unapewa chumba, ufunguo na tarehe ya maonyesho. Mtu aliyezoea kupewa zoezi atalitafuta popote, na kwenye vikao vya uhakiki mazoezi yanaokotwa kwa wingi: kila maoni ni zoezi kama ukitaka kuyachukulia hivyo. Yeye aliyachukulia hivyo yote, yakiwemo yanayopingana.

Ya pili ni muda. Kikao chetu kilikuwa kinampa kila mwanafunzi dakika 20 na wasemaji watano, sita. Gawanya mwenyewe. Katika dakika tatu mtu hawezi kuitazama kazi, anaweza kuisahihisha tu. Michael Asher, aliyefundisha kwa miongo kadhaa katika chuo cha CalArts huko California, alijulikana kwa darasa lililoanza asubuhi na kuweza kwenda hadi usiku, kazi ya mwanafunzi mmoja ikijadiliwa kwa saa nyingi. Sisemi kila idara ifanye hivyo; wapo waliotoka kwenye darasa lile wamechoka taabani. Lakini urefu ule unafanya kitu ambacho dakika tatu haziwezi: maoni ya saa ya kwanza yanachakaa, wasemaji wanaishiwa masahihisho, na wanaobaki wanalazimika kuitazama kazi.

Ya tatu ni ugomvi wa wasimamizi, ambao mwanafunzi aliubeba bila kujua kwamba ni ugomvi wetu. Mwaka 1993 Christopher Frayling wa Royal College of Art, London, alitenganisha utafiti wa aina tatu: kuhusu sanaa, yaani historia na nadharia yake; kupitia sanaa, yaani kutafuta kwa kuitengeneza; na kwa ajili ya sanaa. Mwenzangu alikuwa anasimamia tasnifu ya aina ya kwanza, mimi nilikuwa nasimamia ya aina ya pili, na fomu ya idara ilikuwa na sanduku moja tu lililoandikwa "utafiti". Tulikaa mwaka mzima tukitia saini fomu ileile kwa maana mbili tofauti. Tulipokutana hatimaye kulizungumza, ilituchukua chini ya saa moja kukubaliana kwamba tasnifu hii itaanzia kwenye kitendo cha kufuta, na nadharia itaitwa pale inapohitajika. Saa moja hiyo ingemwokolea mwanafunzi miezi.

Je, tungenyamaza?

Wenzangu wawili walishauri nimwachie tu, asiitwe kwenye vikao hadi maonyesho. Nililikataa wazo hilo, na bado nalikataa. Anayetaka kufanya kazi bila kusemeshwa hahitaji kuja chuoni.

Neno la mwalimu linaweza kumfungulia mtu njia. Chuo Kikuu cha Iowa kilikubali kazi za ubunifu kama tasnifu tangu mwaka 1922, na mwaka 1940 kilitoa shahada zake za kwanza za MFA, yaani uzamili wa sanaa. Miongoni mwa waliozipata alikuwa Elizabeth Catlett, mwanamke Mweusi ambaye chuo hichohicho hakikumruhusu kulala katika mabweni yake. Mwalimu wake, mchoraji Grant Wood, aliwahimiza wanafunzi washughulikie kile wanachokijua kuliko vyote. Catlett akachonga mama na mtoto katika jiwe la chokaa, na mwaka huohuo sanamu ile ikapata tuzo ya kwanza ya uchongaji kwenye maonyesho ya American Negro Exposition, Chicago. Tazama neno lile la Wood lilivyo. Halikugusa jiwe, ukubwa wala umbo. Lilimwonyesha pa kutazama, kisha likakaa kimya. Sisi tulifanya kinyume: tuligusa rangi, ukuta na nadharia, na hatukumuuliza hata siku moja vile vitanda ni vya nani.

Wiki sita

Nilimwomba aishikilie barua yake kwa wiki sita. Masharti yalikuwa machache. Karatasi moja. Kitanda kilekile. Mkaa na kifutio, basi. Kila jioni apige picha moja na kuandika mstari mmoja: leo nimefuta nini, nimeacha nini. Ningemtembelea mara moja kwa wiki, na nisingesema lolote kabla yeye hajasema.

Wiki ya kwanza na ya pili hazikuwa na jipya. Mistari ya daftari ilikuwa mikavu: "Nimefuta ukingo wa kushoto. Nimeacha mguu wa kitanda." Karatasi ya kwanza, nyepesi mno, ikaanza kutoa nyuzinyuzi, akaomba kubadilisha. Tukapata karatasi nzito ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, inayostahimili kusuguliwa. Akaanza upya.

Wiki ya nne nilimkuta amesimama mbele ya mchoro mikono imeshuka. "Mwalimu, nimeiharibu," akasema. Alinionyesha mto. Sehemu ile alikuwa ameipaka na kuifuta siku baada ya siku, akitafuta kile kibonyeo cha kichwa, hadi uso wa karatasi ukachubuka. Ukiusogelea ulikuwa kama kitambaa kilichovaliwa sana, umeota malaika. Mkaa ulikuwa umeingia kati ya zile nyuzi na haukutoka tena. Kila alipofuta pakazidi kuwa peusi. "Hapa hapafutiki."

Sentensi ilikuwa tayari mdomoni mwangu, na ilianza na "mbona". Mbona hukupaka kidogokidogo, mbona hukubadilisha kifutio. Niliimeza. Tulikaa kimya, yeye akitazama mto, mimi nikitazama sakafu iliyojaa vumbi jeusi. Baada ya muda nikamuaga nikatoka.

Mstari wa daftari wa siku iliyofuata ninao hadi leo, alininakilia mwenyewe: "Nilipofuta zaidi ndipo peusi zaidi."

Tasnifu yake yote imesimama juu ya mstari huo. Hakuna mjumbe wa kamati aliyeusema, na sidhani kama yupo ambaye angeweza, kwa sababu ulitoka kwenye karatasi, baada ya mkono mmoja kupita mahali pamoja kwa siku nyingi. Kwa mara ya kwanza alikuwa na jambo ambalo yeye alilijua na sisi hatukulijua. Michoro tisa ya mwanzo ilikuwa ya kupendeza, lakini ndani yake kufuta kulizaa mwanga tu. Sasa alikuwa amefika mahali ambapo kufuta kunaacha alama nzito kuliko kuchora. Na hapohapo akaniambia, bila kuulizwa, kwamba kitanda kile kilikuwa cha bibi yake.

Msimamizi wa pili alifanya kazi nzuri sana hapa. Alimpeleka kwenye kazi ya mwaka 1953 ya msanii wa Marekani Robert Rauschenberg, ambaye alimwomba mchoraji Willem de Kooning mchoro, akaufuta kwa wiki kadhaa hadi karatasi ikabaki karibu tupu. Safari hii mwanafunzi hakuiga. Aliandika kurasa nne akieleza tofauti: Rauschenberg alifuta mkono wa mtu mwingine na kuuelekeza kwenye weupe, yeye anafuta mkono wake mwenyewe na karatasi inamrudisha kwenye weusi. Hizo ni kurasa bora kuliko zote katika tasnifu, na ni nadharia kamili, ila zamu hii imetoka kwenye vidole.

Kwenye vikao tukaanza kutumia utaratibu wa Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani aliyeuanzisha mwaka 1990. Una hatua nne. Watazamaji wanasema kwanza kilichowagusa. Kisha msanii anauliza anachotaka kujua. Kisha watazamaji wanauliza maswali ambayo hayajabeba maoni ndani yake. Mwisho kabisa ndipo maoni yanakuja, tena kwa kuomba ruhusa: "Nina maoni kuhusu mto, ungependa kuyasikia?" na msanii anaweza kusema hapana. Hatua ya tatu ilitutoa jasho. Jaribu mwenyewe kuuliza kuhusu giza la mchoro bila kulilaumu. Mwenzetu mmoja alianza mara tatu na kukwama kabla ya kulipata: "Unapoamua mwanga uishie wapi, unaangalia nini?" Mwanafunzi alijibu kwa dakika saba. Katika mwaka mzima uliotangulia sikuwa nimemsikia akisema dakika saba mfululizo.

Maonyesho na utetezi

Alitundika michoro mitano. Filamu aliiacha, na katika hilo sikubaliani naye hadi leo; naona ilikuwa na kitu ambacho kingetoka kama ingepewa wiki zake sita. Nilimwambia, akanisikiliza, akaiacha. Ilikuwa haki yake.

Kuna gharama ambayo haikurudi. Ufadhili wake ulikuwa wa mihula minne. Muhula wa tano alijilipia mwenyewe, akifanya kazi jioni na kuchora usiku. Idara haikumfidia hata siku moja ya muda ambao sisi tuliupoteza kwa niaba yake. Nimeliandikia jambo hilo mara mbili na nitaliandikia tena. Programu ya miaka miwili ni fupi, na mwanafunzi ndiye anayelipia utata wa walimu wake.

Siku ya utetezi mtahini wa nje alizunguka chumba kimya kimya. Kwa kawaida picha hutundikwa kitovu chake kikiwa kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho. Mwanafunzi alikuwa ameishusha michoro yote sana, hadi ukingo wa kila godoro ukafika usawa wa goti. Mtahini akasimama mbele ya mchoro wa tatu, akasema, "Mbona umezitundika chini hivi?"

Nilihisi moyo wangu ukidunda. Niliutazama mkono wa mwanafunzi, ule wenye kalamu. Haukuandika.

"Samahani, Profesa," akasema, "unauliza sababu, au unapendekeza nizipandishe?"

Chumba kilitulia. Mtahini akafikiri kidogo. "Nauliza sababu," akasema.

"Zikiwa juu unatazama picha. Kitanda cha mtu mgonjwa hukitazami hivyo. Unasimama kando yake, unainamisha kichwa."

Mtahini hakujibu. Alisogea hatua moja karibu na ukuta, akainama, akautazama mto kwa muda mrefu. Walimpitisha, kwa sharti la kusahihisha sura ya pili, ambayo kweli ilikuwa bado nyembamba.